Kufungua ranchi ya miaka ya 50 hapa Marekani: mwongozo kamili wa kutoa ukuta wa jikoni bila kuangusha dari

Mwezi haupiti bila mtu kunitumia picha ya ukuta. Picha zenyewe zinafanana, jipsam limeshachanwa, mbao za wima zinaonekana, kuna bomba jeusi la chuma limesimama katikati na waya mbili zinaning'inia, halafu chini swali: "kaka hapa niendelee au nisimame?" Wengine wananiandikia wakiwa wameshachelewa, dari imeshuka nusu inchi na mlango wa chumbani haufungi tena. Wa mwisho alikuwa dada mmoja wa Texas, fundi wake alikata mbao tano Jumamosi jioni, Jumapili asubuhi wakaamka na ufa umetoka jikoni mpaka korido. Ndo maana leo naandika yote sehemu moja.

Nazungumzia zile nyumba za chini, ndefu, hazina ghorofa, paa limelala, zilizojengwa kama 1950 mpaka 1970 hivi. Wenyewe wanaziita ranchi, sio ranchi ya ng'ombe kama ya Kongwa, ni aina tu ya nyumba, na ukiwa Minnesota utasikia wanaita rambla. Watu wetu wengi tunazinunua kwa sababu bei inafikika, kiwanja kikubwa, na wazazi wakija hawahangaiki na ngazi. Tatizo lake ni kwamba jiko limefungiwa kama stoo, dainingi kachumba ka peke yake, sebule huko kivyake. Ya kwangu ni ya 1957, iko nje kidogo ya Columbus, Ohio, na kabla sijaigusa nilishafanya kazi miaka sita na maseremala wa hapa, kwa hiyo ninayoandika nimeyashika kwa mikono.

## Vitu vya kuwa navyo kwanza

Vya kuchunguzia: tochi ya kichwani, futi ya kuvuta, kifaa cha kutafuta mbao na waya ndani ya ukuta, kalamu ya kupima umeme bila kugusa waya, pimamaji ya futi 4, daftari na simu ya kupigia picha.

Vya kujikinga: maski za P100, au N95 kama huna, miwani, glavu nzito, nailoni nene ya 6 mil (mil ni elfu moja ya inchi, sio milimita), tepu nyingi, feni ya dirishani, vakyumu yenye filta ya HEPA, ile inayonasa vumbi laini kabisa.

Vya kubomolea: mtaimbo mdogo, nyundo, msumeno wa umeme wa kwenda mbele na nyuma wenye bledi za kukata misumari, ngazi mbili, na dampsta (kontena kubwa la taka) ya kukodi.

Vya kujengea: mbao za 2×4 (inchi 2 kwa 4 kwa jina la dukani) za kuta za muda, boriti ya saizi aliyoandika injinia, vyuma vya kushikia mbao pamoja na misumari yake maalum (skrubu za jipsam hapa hazifai, zinakatika), jipsam, plasta ya maungio.

Karatasi tatu: ripoti ya maabara, mchoro wa injinia wenye muhuri, kibali cha siti, yaani halmashauri ya mji. Hizi ndo vifaa muhimu kuliko vyote hapo juu na ndo watu wanaziruka.

Kwenye pesa, mi nashauri utenge asilimia 20 ya bajeti pembeni usiiguse. Nyumba ya umri huu lazima itakutolea kitu.

## Hatua ya 1: Chora nyumba ilivyo, ndo uchague ukuta

Pima kila chumba uchore kwenye karatasi, milango, madirisha, soketi, swichi, matundu ya hewa, sinki, kila kitu. Ranchi nyingi zina pande mbili, upande wa kulala wenye korido na upande wa kukaa. Upande wa kulala uache. Ukuta wa korido ndo unaowafanya watoto walale wakati nyie mna wageni, ukiutoa nyumba nzima inakuwa chumba kimoja chenye kelele.

Ukuta wa kutoa ni ule wa kati ya jiko na dainingi, au jiko na sebule. Na hapa naomba mfikirie maisha yenu, msifikirie picha za Instagram. Kwetu wageni wanakuja bila kupiga simu, wakwe wanakaa sebuleni, na jikoni kuna sufuria la pilau na sinki limejaa vyombo. Ukifungua kila kitu, mgeni akikaa kwenye kochi anaangalia sinki lako. Mi nilibakisha kipande cha ukuta futi 2 na nusu kila mwisho, kimoja kinaficha sinki, na faida yake nyingine ni kwamba boriti inakuwa fupi na nguzo zake zinajificha humo humo. Kama nyumbani mnahitaji kona tulivu ya kuswalia, iwekeni kwenye mchoro sasa hivi, msingoje mpaka mwisho mkakuta hamna ukuta wa kuwasitiri.

Kisha bandika tepu sakafuni pale kaunta ya katikati itakapokaa. Acha njia ya inchi 42 kati ya kaunta na kabati, na kama mnapika watu wawili pamoja acha inchi 48. Kaeni na hiyo tepu wiki moja, pikeni, fungueni oveni na friji.

Ukifanikiwa: wiki inaisha na hakuna aliyesogeza tepu.

## Hatua ya 2: Pima sumu kabla ya vumbi

Nyumba za umri huu zina asbesto na rangi ya madini ya risasi mpaka vipimo viseme hazina. Anza hivyo kichwani mwako. Rangi ya risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba za watu Marekani mwaka 1978, kwa hiyo nyumba ya 1957 inaweza kuwa na matabaka ya kutosha, hasa kwenye fremu za milango na madirisha. Asbesto utaikuta kwenye vigae vya sakafu vya inchi 9 kwa 9, kwenye gundi nyeusi iliyo chini yake, kwenye dari za chembechembe, na kwenye ule utepe mweupe uliofungwa kwenye maungio ya njia za hewa za chuma.

Usikwangue, usisage, usivunje "kidogo tu uone". Chukua kipande kidogo ukiwa umekilowesha maji, kiweke kwenye mfuko wa plastiki, peleka maabara inayotambulika, au mlipe mtu wa vipimo aje achukue mwenyewe, ambayo mi naona ni bora. Kama utatumia kontrakta, muombe akuonyeshe cheti cha EPA (mamlaka ya mazingira ya Marekani) cha kufanya kazi kwenye rangi ya risasi, hiyo sheria inafanya kazi tangu 2010 na akikwambia "hamna haja" mshukuru, tafuta mwingine.

Nasisitiza hili kwa sababu ya watoto. Vumbi la risasi mtoto anayetambaa analilamba kwenye vidole, na linaathiri ubongo wake.

Ukifanikiwa: una karatasi inayosema kigae hiki kina, dari hii haina. Kilichokutwa na asbesto kama hakijavunjika na hakipo njiani, mara nyingi unaweza kukiacha na kukifunika. Kilicho njiani kinatolewa na watu wenye leseni.

## Hatua ya 3: Usome ukuta

Hapa ndo penye kilio, kwa hiyo twende taratibu.

Ukuta wa ndani ni wa aina mbili, kuna wa kugawa tu na kuna unaobeba. Wa kugawa ukiutoa hamna kinachotokea. Unaobeba umeshika dari, na kwenye ranchi nyingi umeshika na paa pia. Kuugonga ukasikia "uko wazi" haikuambii chochote, kuta zote mbili ndani ni mbao na hewa.

Panda darini na tochi. Kanyaga juu ya mbao tu, ukikanyaga jipsam utatokea sebuleni. Angalia paa limejengwaje, kuna namna mbili.

Namna ya kwanza ni kenchi za kiwandani. Utaona mbao nyembamba zimeungwa kwa vibati vya chuma vyenye meno, ndani kuna mbao za mshazari kama herufi W. Kenchi hizi kwa kawaida zinatoka ukuta wa nje wa mbele mpaka wa nyuma bila kuhitaji ukuta wa katikati. Ukizikuta una bahati, ila bado injinia athibitishe. Na usikate hata mbao moja ya kenchi, hata ile inayokuzuia kupita, kila kipande pale kina kazi.

Namna ya pili ni paa la kupigwa na seremala palepale, makombamoyo yameegemea mwamba wa juu (ile mbao ndefu ya mgongoni mwa paa), chini kuna mbao za dari zimelala. Nyumba za miaka ya 50 nyingi ni hivi. Fuata mbao ya dari kutoka ukuta wa mbele uone inaishia wapi. Kwangu nyumba ina upana wa futi 26, na hakuna mbao iliyovuka yote, zinatoka mbele futi 13, zinatoka nyuma futi 13, zinakutana katikati zimepishana na kupigwa misumari, na chini ya pale zinapopishana ndo ukuta wa jikoni upo. Kwenye mbao zenyewe bado kuna namba za penseli alizoandika seremala wa 1957, moja mpaka ishirini na mbili kila upande. Ukuta ule ulikuwa umeshika miisho yote arobaini na nne.

Alama nyingine za kuangalia:

- Mbao za dari zinakatiza ukuta, hazikimbii sambamba nao. Mara nyingi huo unabeba. Zikiwa sambamba inawezekana haubebi, ila hiyo sio hukumu.
- Kuna mbao za mshazari zinashuka kutoka kwenye makombamoyo na kukalia juu ya ukuta. Hapo ukuta unabeba na paa.
- Ukishuka besimenti (chumba cha chini ya nyumba), au ukitambaa chini ya sakafu, unakuta boriti na nguzo zimepangwa chini ya ukuta huohuo.
- Ukuta unafuata urefu wa nyumba, katikati, chini ya mgongo wa paa.

Sasa onyo ambalo watu hawalisikii. Wengi mnapenda dari ya juu inayofuata mshazari wa paa, mnataka kutoa mbao za dari zote pafunguke. Kwenye paa la seremala zile mbao ndo zinazofunga makombamoyo yasiteleze kwenda nje. Paa lina uzito, linasukuma kuta za nje zifunguke kama miguu ya ngazi isiyo na kamba, na mbao za dari ndo kamba yenyewe. Ukizikata, kuta zinatanuka na mgongo wa paa unashuka, taratibu, na theluji ikija, haraka. Inawezekana kufanya, ila inabidi mwamba wa juu ugeuzwe uwe boriti ya kweli yenye nguzo mpaka kwenye msingi, na hiyo ni kazi nyingine yenye bajeti nyingine.

Ukifanikiwa: una picha za darini na za chini, na unaweza kumwelezea mtu ukuta wako umeshika nini.

## Hatua ya 4: Injinia, halafu kibali

Hata kama umeshajua jibu, mlete injinia wa majengo mwenye leseni ya jimbo lako. Kwa ukuta mmoja unamlipa dola mia kadhaa, anakuja anapanda darini, anakupa mchoro. Kwangu uwazi ni wa futi 14, akaandika boriti ya LVL, ile mbao ya kiwandani ya tabaka zilizogandishwa, vipande viwili vya inchi 1¾ kwa 11⅞ vifungwe pamoja. Usichukue vipimo vyangu. Kwako upana wa nyumba, theluji, na vilivyo darini ni tofauti.

Muulize maswali matatu: boriti ifichwe ndani ya dari au ining'inie chini yake? Nguzo za mwisho zinakalia nini? Chini ya sakafu kuna kinachopokea?

Kuhusu kuficha, dari zetu hizi ni futi 8. Boriti ya karibu inchi 12 ikining'inia unabaki na futi 7 hivi, mtu mrefu anaiona kila akipita, na chumba bado kinaonekana viwili. Ya kuficha ina kazi zaidi kwa sababu unakata miisho ya mbao za dari zote na kuzikalisha kwenye vyuma, ila kama lengo lako ni pawe wazi basi fanya hiyo, mi naona hela hiyo inastahili.

Mchoro unaupeleka siti kwenye kitengo cha majengo kuomba kibali. Sehemu nyingi mwenye nyumba anaruhusiwa kuomba mwenyewe kwa nyumba anayoishi. Najua kuna wanaosema kibali ni kupoteza hela, lakini siku unauza mkaguzi wa mnunuzi anapanda darini anaiona boriti mpya, anauliza karatasi, na hapo bei inashuka au biashara inakufa.

Ukifanikiwa: kibali kimebandikwa dirishani na kwenye simu una tarehe za ukaguzi.

## Hatua ya 5: Tafuta kilichojificha ndani ya ukuta

Ukuta wa jikoni una vitu vingi kuliko ukuta wowote. Zima breka (swichi za kukata umeme kwenye boksi) za upande huo, pima kwa kalamu, halafu toboa matundu ya ukubwa wa kiganja sehemu nne tano, ingiza simu upige picha. Utakachokuta:

Bomba la kupumulia la sinki, lile jeusi la chuma linalopanda mpaka juu ya paa. Haliondolewi tu, bila hilo maji ya sinki yatagugumia na harufu ya maji machafu itaingia ndani. Fundi bomba analihamishia ukuta mwingine.

Mabomba ya maji ya chuma, ambayo kwa ndani yameshajaa kutu mpaka tundu limebaki dogo. Ukuta ukiwa wazi ndo wakati wa kuyabadilisha.

Waya za zamani. Soketi za matundu mawili maana yake mara nyingi hamna waya wa ethi. Nyumba za 1965 mpaka 1973 hivi zinaweza kuwa na waya za aluminiamu ambazo maungio yake yanapata moto, hizo mwite fundi umeme mwenye leseni.

Njia ya hewa ya kurudisha kwenye hita, ile mashine inayopasha hewa ya nyumba nzima. Ukiiziba bila kuipa njia nyingine nyumba itapata joto upande mmoja na baridi upande mwingine.

Ukifanikiwa: kila kitu kilichomo kina jina, na kila kimoja kimeandikwa kinaenda wapi na nani anakihamisha.

## Hatua ya 6: Ziba vumbi, jipangieni jiko la muda

Ning'iniza nailoni kutoka dari mpaka chini, ziba na matundu ya hita ya upande wa kazi, feni iwe dirishani inasukuma hewa nje ili vumbi lisirudi vyumbani. Hita yenyewe izime wakati wa kubomoa.

Jiko la muda liwe gereji na jiko la umeme la plagi na maikrowevu. Jamani, jiko la mkaa gereji hapana, hata mlango ukiwa wazi, na jiko la gesi la kambi vilevile hapana. Ile hewa ya mkaa haina harufu na watu wanafariki nayo kila majira ya baridi. Weka kengele ya kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala leo hii hii, hata kama hubomoi chochote.

## Hatua ya 7: Kuta za muda, kabla ya kukata mbao hata moja

Toa jipsam au plasta kwanza, mbao za ukuta ziache zimesimama. Kisha jenga kuta mbili za muda za 2×4, moja kila upande, umbali wa futi 2 mpaka 3 kutoka ukuta unaotoka ili mpate nafasi ya kufanyia kazi.

Kwa nini mbili? Kumbuka mbao za dari zimepishana juu ya ule ukuta. Ukishika upande mmoja tu, wa pili unaning'inia kwenye misumari ya zamani. Yule fundi wa Texas alishika upande mmoja.

Kila ukuta wa muda una mbao ya chini, mbao ya juu, na mbao ya wima chini ya kila mbao ya dari. Zikate zikae kwa kubana, unazigonga kidogo na nyundo zinaingia, basi. Usipige jeki kuinua dari, utapasua plasta ya vyumba vyote. Na kama chini kuna besimenti, weka nguzo za muda na huko chini, sakafu ya mbao haikujengwa kupokea uzito huo pale.

Ukifanikiwa: ukigonga mbao za ukuta wa zamani na nyundo zinatikisika, zimelegea. Uzito umehamia kwenye kuta za muda. Kama bado zimebana, usikate.

## Hatua ya 8: Boriti

Muwe watu wanne. Kata mbao za wima katikati, zizungushe zitoke. Msumari wa zamani ukitoka kwenye mbao ya 1957 unalia, usishtuke, mbao zile ni kavu na ngumu sana. Mnachotakiwa kuogopa ni sauti ya kupasuka kutoka juu, mkiisikia simameni, tokeni, ongezeni nguzo.

Kata miisho ya mbao za dari kwa mstari uliopigwa na kamba ya chaki, pandisha boriti, isimamishe juu ya nguzo zake za mwisho, kisha kila mbao ya dari ikae kwenye chuma chake. Jaza matundu yote ya misumari kwenye chuma, na uwe msumari wa aina aliyoandika mtengenezaji. Kwenye ukaguzi hilo ndo wanaloangalia kwanza.

Sasa nguzo. Mwanzo uzito ulisambaa futi 14, sasa nusu yake inashuka sehemu ya ukubwa wa kiganja kila mwisho. Kwangu injinia alipiga hesabu ikaja zaidi ya kilo 1,000 kila upande. Hiyo haiwezi kukalia sakafu tu. Chini ya nguzo weka vipande vya mbao ngumu vijaze nafasi ndani ya sakafu, na chini yake nguzo ya chuma ya besimenti juu ya zege jipya. Mimi nilikata sakafu ya besimenti nikamwaga zege la inchi 24 kwa 24, kina inchi 12, nikaliacha likomae ndo nikaweka nguzo. Nyumba iliyokaa juu ya zege moja kwa moja, injinia ndo anasema kama linatosha au linakatwa.

Kuta za muda zitoe polepole, mbao moja moja, mkianzia katikati.

Ukifanikiwa: dari iko palepale, pimamaji inasoma sawa, na milango yote ya korido bado inafunga kama jana yake. Milango ndo kipimo changu, inaonyesha mapema kuliko ufa.

## Hatua ya 9: Umeme, bomba na moshi wa jikoni

Ukitoa ukuta umetoa na soketi na swichi zake. Kanuni ya hapa inataka sehemu yoyote ya ukuta isiwe zaidi ya futi 6 kutoka kwenye soketi, kwa hiyo hesabu upya. Weka soketi moja ya sakafuni pale kochi litakapokaa katikati ya chumba, watu wengi wanaisahau halafu waya wa chaja unavuka njia. Taa ziwe na swichi mbili, moja ya kuingilia na moja ya upande wa korido. Boksi la breka kama ni la amp 60 halitoshi jiko la sasa, fundi umeme atakwambia.

Kwenye moshi nakaa kidogo. Jiko likifunguka, samaki unayemkaanga anakaa kwenye kochi mpaka Alhamisi. Mashine ya kufyonza moshi inayorudisha hewa ndani haifai kwa mapishi yetu, inayotakiwa ni ya kutoa nje kwa bomba la chuma ambalo ndani yake ni laini. Ranchi hapa ina raha yake, haina ghorofa, bomba linapanda dari na paa limetoka, njia fupi kabisa. Jiko la ukutani hesabu kama CFM 100 (CFM ni futi za ujazo za hewa kwa dakika) kwa kila futi ya upana wa jiko, likiwa kwenye kaunta ya katikati ongeza mpaka 150. Ukizidi CFM 400 kanuni nyingi zinataka uwe na njia ya kuingiza hewa mbadala, na sababu yake ni nzito: mashine kubwa inavuta hewa ndani ya nyumba kiasi kwamba moshi wa hita ya maji ya gesi unarudi ndani badala ya kupanda bombani.

Ukifanikiwa: washa mashine, shika karatasi ya tishu chini yake, inang'ang'ania. Kisha shika kijiti cha ubani kinachofuka karibu na hita ya maji ikiwa inawaka, moshi wake uvutwe kuingia kwenye bomba. Ukirudi usoni kwako zima vyote mwite fundi.

## Hatua ya 10: Ukaguzi, dari, sakafu

Usifunike kitu kabla mkaguzi hajasaini mbao, umeme na bomba. Ukifunika atakuambia ufumue, na ana haki.

Kwenye dari kuna mtego. Nyumba nyingi za wakati ule hazina jipsam ya sasa, zina bodi ndogo zilizopigwa plasta juu, unene unafika kama inchi 7/8. Ukiweka jipsam ya nusu inchi kwenye pengo utapata ngazi ndogo itakayoonekana kila taa ikiwaka. Pima unene, shusha jipsam kwa kuweka vipande vyembamba vya mbao nyuma yake mpaka zilingane, ndo uweke tepu na plasta. Piga mkono wa kwanza wa plasta, ngoja ukauke, kisha wa pili kwa upana zaidi kidogo, na wa tatu vilevile.

Sakafu, pale ukuta ulipokuwa umekaa hakuna mbao, kuna pengo la kama inchi 4. Kama una bahati ya sakafu ya mwaloni ya mbao za upana wa inchi 2¼, usizibe pengo kwa kipande kimoja kama kiraka. Ng'oa mbao za pembeni kwa urefu tofauti tofauti ili mpya zisukwe ndani ya za zamani kama mkeka. Mbao mpya zikae ndani ya nyumba siku kadhaa kwanza zizoee hewa. Kisha piga msasa sakafu yote kwa pamoja, usipige kipande, rangi haitafanana kamwe. Jikoni mara nyingi kuko chini au juu kidogo ukishatoa vigae, linganisha kabla, kizingiti cha kujikwaa katikati ya sebule mpya kinauma sana.

## Hatua ya 11: Kabati, kaunta, rangi

Hapa mnaweza wenyewe. Kabati ziwekwe na pimamaji kuanzia sehemu ya juu kabisa ya sakafu, kaunta ya jiwe ipimwe baada ya kabati kufungwa na sio kabla, rangi iwe moja kuta zote za eneo la wazi, taa za rangi ya joto, 2700K mpaka 3000K.

Mwezi wa kwanza na wa pili utaona nyufa ndogo kama unywele pale plasta mpya ilipokutana na ya zamani. Mbao zinakaa mahali pake, ni kawaida. Chukua penseli, weka alama mwisho wa kila ufa na tarehe pembeni. Subiri majira yabadilike, hita iwashwe nyumba ikauke. Ufa ukibaki ndani ya alama, ziba, paka rangi. Ukivuka alama, au ukiweza kuingiza ukingo wa sarafu, mpigie injinia na umtumie hizo picha zenye tarehe.